Hisabati Anayoihitaji Mwalimu: Utangulizi

Kabla hujaendelea kusoma, chukua kalamu ukokotoe hesabu hii: 1¾ gawanya kwa ½. Ukishapata jibu, tunga fumbo la maisha ya kila siku ambalo mwanafunzi wa Darasa la Sita atalifumbua kwa kufanya hesabu hiyohiyo. Kazi ya kwanza haitakuchukua hata dakika moja, maana wengi wetu tulikaririshwa kwamba sehemu ya pili hupinduliwa, kisha tunazidisha. Kazi ya pili ndiyo mlango wa taaluma ninayokukaribisha humu, taaluma inayochunguza jinsi walimu wa hisabati wanavyokua wakiwa kazini, na jinsi ukuaji huo unavyomfikia mtoto aliyeketi kwenye dawati.

Watu wengi hutunga fumbo la namna hii: mama ana kilo 1¾ za unga, anawagawia watoto wake wawili sawasawa, kila mmoja atapata kiasi gani? Ni fumbo zuri, ila si la hesabu yetu. Hapo tumegawanya kwa 2, na jibu lake ni ⅞. Hesabu yetu inauliza jambo lingine kabisa: ndani ya kilo 1¾ mna nusu kilo ngapi? Mwenye duka anayefunga unga wake katika mifuko ya nusu kilo atajaza mifuko 3, na wa nne ataujaza nusu. Jibu ni 3½.

Sasa msikilize mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Amejaza mifuko 3, amebakiwa na robo kilo, na katika daftari ameandika 3¼. Robo anayoiona mbele yake ni ya kweli kabisa. Lakini swali liliuliza mifuko, na robo kilo ya unga ni nusu ya mfuko. Mwalimu anayejua kupindua na kuzidisha tu atamwekea alama ya kosa apite dawati linalofuata. Mwalimu anayetambua kwamba kipimo kimebadilika, kutoka kilo kuwa mfuko, atainama amuulize, "Robo ya nini?" Swali hilo la maneno matatu lina hisabati nyingi kuliko ukurasa mzima wa mazoezi, na anayeweza kuliuliza papo hapo, mbele ya darasa lenye kelele, ana ujuzi ambao hakuna cheti cha chuo kinachouthibitisha.

Swali la 1¾ na ½ lina historia yake. Liping Ma, Mchina aliyeanza ualimu akiwa kijana kijijini kabla ya kwenda kusoma Marekani, aliwauliza swali hilo walimu wa shule za msingi wa nchi hizo mbili na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Kati ya walimu 23 wa Marekani, 9 tu walikamilisha hesabu na kupata jibu sahihi, na mmoja tu alitunga fumbo lenye maana sahihi. Walimu 72 wa China wote walipata jibu, na 65 kati yao walitunga mafumbo yaliyofaa, wengine zaidi ya moja. Jambo la kushangaza ni kwamba Wamarekani hao ndio waliosoma miaka mingi zaidi. Wengi wa Wachina walimaliza takriban miaka tisa ya shule, wakaongeza miwili au mitatu ya chuo cha ualimu, wakaingia kazini.

Ujuzi wao basi waliupata wapi? Ma alipowahoji, waliutaja ualimu wenyewe. Waliupata kwa kukisoma kitabu cha kiada mstari kwa mstari na kuuliza kwa nini mfano huu umetangulizwa na ule ukafuata, kwa kurudia kufundisha mada ileile kwa madarasa tofauti, na kwa kukaa na wenzao katika chumba cha walimu wakibishana juu ya njia ya mwanafunzi mmoja. Mimi husema wazi kwamba hapa ndipo palipo kiini cha taaluma hii. Mwalimu wa hisabati hujifunza hisabati ya kufundishia pale anapofundisha, akiwa na wenzake, akiwa ameishika mada moja na anaikagua kwa makini. Mafunzo yoyote yanayokwepa jambo hilo, hata yawe na bajeti kubwa na ukumbi mzuri, huishia mlangoni mwa darasa.

Wanataaluma waliliona hilo kwa njia mbalimbali. Lee Shulman, katika makala yake ya mwaka 1986, alilalamika kwamba watafiti wa elimu walikuwa wamelisahau somo lenyewe: walichunguza nidhamu, mpangilio wa muda na namna ya kuuliza maswali, lakini hawakuuliza mwalimu anaelewa nini kuhusu anachokifundisha na jinsi ya kukifanya kieleweke. Deborah Ball, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuwa mtafiti, aliichambua zaidi hoja hiyo upande wa hisabati. Mhandisi anaijua hisabati na mhasibu anaijua, lakini hakuna anayewadai waangalie njia tatu tofauti za kuzidisha 35 kwa 25 zilizobuniwa na watoto watatu, waseme ipi itafaa kwa namba zote na ipi imefaulu kwa bahati. Mwalimu anadaiwa hilo kila siku. Mwaka 2005 Heather Hill, Brian Rowan na Ball walionyesha kwa vipimo kwamba wanafunzi wa darasa la kwanza na la tatu walipiga hatua kubwa zaidi katika hisabati pale mwalimu wao alipokuwa na ujuzi wa aina hiyo.

Tuje kwa watoto, maana walimu wengi hukosa nafasi ya kuwasikiliza. Angalia mafumbo haya mawili. La kwanza: Asha ana maembe 5, anataka yawe 8, aongeze mangapi? La pili: Juma ana maembe 8, Asha ana 5, Juma amemzidi Asha kwa mangapi? Sisi watu wazima tunaona hesabu moja tu, 8 toa 5. Mtoto wa miaka sita anaona mambo mawili yasiyofanana. La kwanza huliigiza: anahesabu vizibo 5, anaongeza kimoja kimoja mpaka 8, kisha anahesabu alivyoongeza. La pili halina tendo lolote la kuigiza. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoondolewa, kwa hiyo mtoto aliyefumbua la kwanza kwa urahisi anaweza kukwama kabisa. Tulizoea kumwambia "soma vizuri." Amesoma vizuri, shida ipo kwenye muundo wa fumbo.

Thomas Carpenter, Elizabeth Fennema na wenzao katika jimbo la Wisconsin, Marekani, walikusanya maarifa ya namna hiyo kuhusu fikra za watoto, kisha wakafanya jambo la ujasiri. Katika utafiti wao wa mwaka 1989 walikuwa na walimu 40 wa darasa la kwanza. Nusu yao walihudhuria semina ya wiki nne, na humo hawakupewa mbinu ya kufundishia wala andalio la somo la kunakili. Walionyeshwa jinsi watoto wanavyofumbua mafumbo, wakaachwa waamue wenyewe la kufanya madarasani. Walimu hao walirudi shuleni wakawa wanatoa mafumbo mengi zaidi, wanasikiliza zaidi, na wanatumia muda mchache zaidi kukaririsha majedwali ya kujumlisha na kutoa. Pamoja na hayo wanafunzi wao waliwazidi wenzao katika kufumbua mafumbo, na hata katika kuzijua hizo hesabu za kukariri. Ningependa kila mkufunzi wa chuo cha ualimu aukumbuke utafiti huu kila anapotaka kuwapa walimu orodha ya mbinu 10.

Kuna nchi ambayo kazi hii ya walimu kulichunguza somo pamoja imekuwa desturi ya shule zake. Mwaka 1999 James Stigler na James Hiebert walichapisha kitabu juu ya video za masomo ya hisabati ya darasa la nane zilizorekodiwa Ujerumani, Japani na Marekani. Kitabu hicho kiliwafanya wasomaji wengi nje ya Japani waisikie kwa mara ya kwanza jugyo kenkyu, yaani utafiti wa somo. Walimu wachache wa shule moja huchagua lengo, huandaa somo moja kwa wiki kadhaa, mmoja wao hulifundisha huku wengine wakitazama na kuandika, kisha wote huketi kulijadili. Mara nyingi hualikwa mtaalamu kutoka nje aseme neno la mwisho. Wajapani wamekuwa wakifanya hivyo kwa vizazi kadhaa, hasa katika shule za msingi.

Mtu akiyasikia maelezo hayo mafupi hudhani ni ukaguzi wa kirafiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tuseme walimu wa Darasa la Tano wamegundua kwamba wanafunzi wao wanachanganya mzingo na eneo: wanaamini kwamba mashamba yakizungushiwa uzio wa urefu uleule, basi yana eneo lilelile. Wanaamua kuandaa somo lenye swali moja. Mkulima ana uzio wa mita 24 na anataka bustani ya mchicha yenye umbo la mstatili, je, aipange vipi apate eneo kubwa kabisa?

Mjadala unaanzia kwenye namba yenyewe. Kwa nini 24? Kwa sababu nusu yake ni 12, na urefu na upana kwa mita kamili unaweza kuwa 11 na 1, 10 na 2, 8 na 4, au 6 na 6, pamoja na jozi nyingine. Maeneo yanatoka 11, 20, 32 na 36, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba mtoto atashtuka. Wangechagua 25, nusu yake ingekuwa 12.5, na somo lingezama kwenye desimali. Kisha wanajiuliza: wapewe karatasi yenye miraba, au wachore wenyewe? Wakipewa miraba watahesabu eneo bila taabu, lakini huenda wasione haja ya kuzidisha. Wanaandika majibu wanayotarajia. Yupo atakayesema yote ni sawa, na yupo atakayejaribu maumbo mawili akaacha. Mwingine atapanga jedwali, na mwingine atakataa 6 kwa 6 kwa kuwa amefundishwa kwamba mraba si mstatili. Kwa kila jibu wanaamua mwalimu ataulizaje, nani aitwe ubaoni kwanza na nani baadaye, na ubao uonekane vipi kipindi kikiisha ili mwanafunzi aweze kufuata safari nzima kwa macho.

Siku ya somo, watazamaji hawamtazami mwalimu. Kila mmoja amepewa kundi la watoto, anaandika wanachosema na kuchora, na haruhusiwi kuwasaidia. Katika kikao cha baadaye hakuna anayesema "mwalimu alikuwa mchangamfu." Wanasema, "Yule wa dawati la tatu aliacha kuchora alipofika 8 kwa 4, na nadhani alidhani lazima urefu uwe mara mbili ya upana." Lililofundishwa ni somo la timu, kwa hiyo likiyumba ni la wote. Kinga hiyo dhidi ya aibu ni ya lazima, na naiona ndiyo sehemu ngumu zaidi kuihamishia kwetu, ambako mgeni anayeketi nyuma ya darasa akiwa na daftari kwa kawaida ni mthibiti ubora au bosi.

Afrika Mashariki imeyajaribu mambo haya kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyofahamu. Mwaka 1998 Kenya, kwa kushirikiana na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza na wilaya 9 za majaribio, na kuanzia mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Kituo chake cha Karen, Nairobi, kinachojulikana leo kama CEMASTEA, kimewapokea pia walimu na wakufunzi kutoka nchi nyingine nyingi za Afrika. Falsafa yake ilikuwa nyepesi kukumbuka: somo lijengwe juu ya vitendo, mwanafunzi awe katikati, majaribio yafanyike, na zana zibuniwe kwa vitu vilivyopo. Mwalimu apange, atende, atazame, aboreshe. Kwa maelfu ya walimu waliozoea chaki na maelezo, ulikuwa mwaliko wa kweli wa kufanya kazi kwa namna nyingine.

Lakini SMASSE ilitumia mfumo wa ngazi kwa ngazi. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, nao wakawafundisha walimu wakati wa likizo. Kwa nchi kubwa ni njia rahisi ya kuwafikia wengi, na sielewi serikali ingefanyaje vinginevyo kwa haraka. Tatizo la mfumo huu, popote unapotumika, ni kwamba ujumbe hushuka kama chai inayoongezwa maji kila anapoingia mgeni. Kinachofika chini ni jina la mbinu na zana za kuonyesha, huku hoja ya kihisabati iliyoizaa mbinu hiyo imebaki juu. Mwalimu anarudi na wazo kwamba lazima awe na vizibo na maboksi, akavigawa, na darasa likafurahi, lakini hakuna aliyeuliza vizibo hivyo vinaonyesha nini. Na wakati wote swali la posho likawa linapiga kelele kuliko swali la sehemu na desimali. Siwalaumu walimu kwa hilo: mtu anayeitwa kazini siku yake ya likizo ana haki ya kuuliza nauli.

Zambia, iliyojifunza mengi Nairobi, ilichukua mkondo tofauti. Kuanzia mwaka 2005, kwa kuanzia na Jimbo la Kati, iliutumia utafiti wa somo ndani ya shule zenyewe. Tanzania nayo sasa ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambao unazipa nafasi kubwa jumuiya za ujifunzaji shuleni na katika vituo vya walimu. Huu ni uamuzi sahihi. Kikao cha jumuiya kikitumika kusoma waraka na kujaza fomu ya mahudhurio, tutakuwa tumehamisha semina ya hotelini tu. Lakini kikao kinachoanza na madaftari 10 ya wanafunzi mezani kina nafasi ya kubadilisha kitu.

Karin Brodie na wenzake wa Johannesburg wameonyesha jinsi walimu wanavyoweza kufanya hivyo, wakikutana kuyachambua makosa ya wanafunzi wao kama dalili za fikra. Mwanafunzi anayeandika kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.8 hajaropoka: anatumia kanuni iliyomfaa kwa miaka mingi, kwamba 35 ni zaidi ya 8. Aliyeandika kwamba ½ jumlisha ⅓ ni ⅖ amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili kwa uaminifu kabisa. Makosa haya hurudi kila mwaka katika kila shule, na ni hazina ya bure ya mafunzo kazini.

Hatuwezi kuingia katika taaluma hii bila kuutazama ukubwa wa mzigo. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya Tanzania ya mwaka 2022, aliyefaulu Hisabati alikuwa takriban mtahiniwa 1 kati ya 5. Mengi yamechangia, na mengine hayamo mikononi mwa mwalimu. Darasa la wanafunzi 80 ni jambo la kawaida. Mtoto aliyesoma sehemu, milinganyo na pembe kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi huanza upya kwa Kiingereza katika Kidato cha Kwanza, na mwalimu hulazimika kuamua kila dakika afafanue kwa lugha ipi. Jill Adler wa Afrika Kusini ameyaandika vizuri magumu hayo ya darasa la lugha nyingi. Mafunzo ya walimu yanayonyamaza kuhusu lugha, katika nchi zetu, yanaruka nusu ya kazi.

Ni haki pia mgeni wa taaluma hii aelezwe kwamba mafunzo mazuri kwenye karatasi yanaweza yasizae matunda. Serikali ya Marekani iligharimia utafiti mkubwa wa mafunzo ya walimu wa darasa la saba kuhusu sehemu, desimali, uwiano na asilimia, katika wilaya 12 za elimu. Yalikuwa mafunzo ya saa nyingi, yaliyojikita kwenye hisabati, na wakufunzi waliwafuata walimu shuleni. Ripoti zilizotoka mwaka 2010 na 2011 zilionyesha kwamba ufaulu wa wanafunzi haukupanda kwa kiwango cha kuonekana. Wengine waliyapokea matokeo hayo kama hukumu dhidi ya mafunzo yote. Mimi nayasoma kwa namna nyingine: ujuzi huu hukua polepole, miaka miwili ni michache, na mwalimu anayehamishwa kituo katikati ya mafunzo huondoka na nusu ya kazi. Lakini matokeo hayo yanatudai unyofu. Tukiulizwa mafunzo yetu yamebadilisha nini, tuonyeshe kazi za wanafunzi, na picha za walimu wakiwa na vyeti tuziache kabatini.

Wewe unayeingia sasa, uwe mwanachuo, mwalimu wa miaka 20, mkufunzi au afisa elimu kata, una nafasi humu, kwa sababu maswali makubwa ya taaluma hii bado hayajajibiwa kwa madarasa yetu. Hatuna maelezo ya kutosha ya jinsi watoto wanaohesabu kwa Kiswahili wanavyoyafikiria mafumbo ya kulinganisha. Namna ya kuutazama utafiti wa somo katika chumba cha wanafunzi 90 bado haijaandikwa vya kutosha. Majibu hayo hayatatoka Japani wala Marekani. Anayeweza kuyatoa ni mtu aliyesimama mbele ya darasa hilo, akaandika alichokiona.

Muhula ujao chagua mada moja inayowasumbua wanafunzi wako, tafuta wenzako wawili, andaeni somo moja tu, na andikeni watoto walisema nini. Na kwa wakuu wa shule ombi langu ni moja: wapeni walimu wa hisabati kipindi kimoja cha pamoja kwa wiki, kiandikwe kwenye ratiba ya shule, na kisiguswe na kikao kingine chochote.